Komando Aliyesimama Ukingoni

Pale kijijini Mamba, kwenye mashine ya kukoboa mpunga, vijana wanaosubiri zamu hubishana. Ligi ikiwa inaendelea hubishana mpira. Ligi ikimalizika hubishana makomando.

Siku hiyo Selestine alikuwa ameketi juu ya gunia lake, simu mkononi, vumbi la pumba limempaka nyusi zikawa nyeupe kama za mzee.

"Waangalieni hawa," alisema. "Wamarekani. Wanalazwa baharini kwenye baridi, wameshikana mikono, mawimbi yanawapiga usoni. Siku nzima, usiku kucha. Hakuna kulala."

"Hao si wako pamoja?" mwenzake, Method, alimkatiza. "Mwingereza je? Anapewa mzigo na ramani, anaambiwa vuka milima. Peke yako. Mvua, ukungu. Hakuna wa kukushangilia wala wa kukutukana. Wengine wanafia huko huko mlimani."

"Na Mrusi? Mrusi akishachoka kabisa ndiyo anaingizwa ulingoni, anapigwa ngumi na watu wa zamu, mmoja akichoka anaingia mwingine," kijana wa tatu alidakia.

"Mrusi nyie mwacheni tu."

"Nyie makomando," Marsela, mwenye mashine, alipaza sauti kushinda injini, "gunia la nani hili limeziba mlango? Au mnasubiri Mrusi aje alibebe?"

Walicheka, wakalisogeza gunia. Hapo ndipo Selestine alipomwona Malale amesimama upande wa mizani, mrefu, kimya, akifunga mdomo wa kiroba cha mchele kwa kamba ya katani.

"Aa, kumbe mwenyewe yupo! Komando, tuamulie. Kati ya hawa nani kiboko?"

"Wote wanachuja watu," Malale alisema.

"Jibu la kizee hilo. Wewe si ulikwenda? Sikiliza, hawa Wamarekani wana kengele. Ukishindwa unaigonga, unavua kofia, unakwenda kwenu. Wewe uliigonga mara ngapi?"

Vijana waliangua kicheko. Malale alikaza fundo, akakipandisha kiroba kwenye baiskeli.

"Sisi hatukuwa na kengele," alisema, akaondoka akiisukuma baiskeli, maana njia ilikuwa na matope.

Marsela alizima injini ili asikike vizuri. "Mna midomo nyie. Mmeshamwona akivusha ng'ombe?"

Walikuwa wamemwona. Mamba nzima imemwona. Kwenye kivuko cha mto Kavuu wachungaji wengine hutangulia mbele ya kundi, au huvuka katikati yake wakipiga mluzi, na wakishafika ng'ambo wanaendelea na safari. Malale hasogei. Husimama ukingoni, uso ameuelekeza majini, mpaka ndama wa mwisho atoke, ajikung'ute, apite mbele yake. Hata wakati wa kiangazi, maji yakiwa hayafiki kwenye kifundo cha mguu, husimama. Wakati huo ng'ombe waliotangulia wameshaingia kwenye mpunga wa watu, na kila mwaka kuna ugomvi kwa sababu hiyo. Hulipa, huomba radhi, na kesho yake husimama tena.

*

Malale aliletwa Katavi angali mtoto. Baba yake alihama na kundi kutoka Usukumani, nyasi zilipokwisha kule na watu wakawa wengi kuliko miti. Walitembea na ng'ombe wao misimu miwili, wakikaa hapa, wakifukuzwa pale, mpaka wakafika Mpimbwe. Njiani kulikuwa na mito, na Msukuma wa porini hajifunzi kuogelea. Ya nini? Ana dume.

Namna yake ni hii. Unamchagua dume mkubwa aliyezoea maji. Wa kwao aliitwa Madoa. Unamwingiza mtoni, unakwenda nyuma yake, na maji yakifika kifuani unamshika mkia. Kisha unauachia mwili. Huo ndio ujuzi wenyewe, kuuachia mwili. Ukihangaika, unamvuta nyuma, naye atageuka na nyote mtakwenda na maji. Kwa hiyo unafumba mdomo, unafumba macho, unageuza uso juu mbinguni, unakuwa kama kamba iliyofungwa kwenye mkia. Dume anapumua, wewe unasikia pumzi zake. Miguu yako ikigusa tope la ng'ambo, unaachia hapo hapo na kukimbilia pembeni, kwa sababu dume akipanda ukingo hurusha mateke. Usigeuke kumtazama. Ng'ombe anajua kupanda.

Baba yake alimfundisha hivyo, naye alifundishwa na baba yake. Mtoto mmoja wa jirani aliyechelewa kuachia alivunjwa taya kwa teke, na tangu hapo Malale hakuhitaji kukumbushwa.

Mbali na maji, hakuna kilichomshinda. Aliweza kukaa kutwa nzima kwa maziwa ya asubuhi tu. Alilala amesimama, ameegemea fimbo, mguu mmoja juu ya goti la mwingine. Ng'ombe akipotea aliweza kufuata nyayo zake juu ya mawe. Alipomaliza kidato cha nne akajiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, na baadaye jeshi lenyewe likamchukua, wakubwa zake walishangaa kumwona hachoki. Wenzake walipoanguka kwenye matembezi marefu, yeye aliwachukulia mizigo na kuwatangulia akipiga mluzi ule ule wa kuswaga ng'ombe.

Mmoja wa waliokuwa wakianguka alikuwa Deogratias.

Deogratias alikuwa mtoto wa Ilembo, pale Mpanda mjini ambako nyumba zinaishia na mashamba yanaanzia. Mbende kwa kabila, Mkatoliki, mfupi, mwenye maneno mengi. Mama yake, Getrude, alimlea peke yake kwa mahindi na karanga, na kwa samaki aina ya mgebuka aliowakaanga jioni kando ya barabara. Deo alijifunza kuogelea kwenye mashimo ya maji yaliyoachwa na wachimba mchanga, licha ya fimbo nyingi za mama yake. Nchi kavu alikuwa wa kawaida tu. Majini alikuwa samaki.

Walijuana kambini kwa sababu ya lafudhi. Deo alimsikia Malale akiomba chumvi, akamgeukia. "Wewe ni Msukuma wa wapi?"

"Mamba. Mpimbwe."

"Kumbe ni nyie mliowalisha ng'ombe karanga zetu!"

"Zilikuwa zimekauka. Tuliwahurumia."

Kuanzia hapo hawakuachana.

Ndoto ya ukomando ilikuwa ya Deo. Yeye ndiye aliyekuwa akitazama video, akizijua kofia zote za makomando wa dunia na rangi zake. Lakini hakuwa kama Selestine wa mashineni. Alifikiri. Siku moja walipokuwa wakifua magwanda alimwambia Malale, "Nimegundua jambo. Mwingereza anamtaka mtu anayeweza kuwa peke yake. Ndiyo maana anamtupa mlimani. Mmarekani anamtaka mtu asiyeweza kumwacha mwenzake. Ndiyo maana anawabebesha gogo moja watu saba. Unaona? Ugumu unafanana, lakini wanatafuta watu wawili tofauti."

"Na wetu je?"

"Wetu wanawataka wote wawili ndani ya mtu mmoja."

Malale alikamua suruali yake. "Huyo si mchungaji tu?"

Deo alicheka mpaka akaangusha sabuni. Kisha akamtazama rafiki yake kwa namna ambayo Malale aliikumbuka baadaye. "Ndiyo maana lazima twende wote," alisema. "Mimi peke yangu siwezi ile ya mlima. Wewe peke yako huwezi ile ya maji."

Wakaomba kuingia kwenye mchujo. Wakakubaliwa. Kabla ya kwenda walipewa likizo, na wakapanga kuitumia kwa jambo moja tu: Malale ajue kuogelea.

*

Ilikuwa Kwaresima. Mvua zilikuwa zimenyesha vizuri na bwawa moja la kunyweshea mifugo upande wa Litapunga lilikuwa limejaa mpaka kwenye majani. Asubuhi waliondoka Ilembo kwa pikipiki ya kukodi, jioni wakarudi wananuka tope. Getrude aliwawekea ugali na maharage, akajikatia mwenyewe kipande kidogo, maana alikuwa amefunga.

"Msukuma, unakula kama unahama," alimwambia Malale.

"Mama, maji yanatia njaa."

"Maji yanatia njaa au uvivu wa kuleta maziwa? Una ng'ombe wote wale, sijaona hata kibuyu."

Kesho yake alileta maziwa kutoka kwa wachungaji wa bwawani. Getrude alimpa jina la mwanangu siku hiyo, bila kusema kwamba anampa. Alisema tu, "Mwanangu, kaa kwenye kigoda, hicho kiti kimevunjika."

Mafundisho yalikwenda polepole. Malale aliingia majini kama mtu anayeingia kanisani kusiko kwake. Deo alimshika tumbo, akamwambia apige miguu, apumue pembeni, asiunyanyue uso. "Usifumbe macho!" alimpigia kelele. "Nani alikufundisha kufumba macho?"

"Madoa."

"Madoa amekufa, mimi nipo hai. Fumbua!"

Siku zilivyopita akaanza kuelea. Kisha akaweza kwenda hatua chache, kisha zaidi, akirusha maji kama mbwa. Deo alipiga makofi ukingoni. "Ng'ombe bado anaogelea kukushinda," alisema.

"Ndiyo maana natembea naye."

Mwisho wa likizo ulipokaribia, Deo alisema sasa wavuke. Wavae buti. Wabebe mabegi mgongoni, nguo zimefungwa ndani ya nailoni. Waende mpaka ng'ambo, kama itakavyokuwa kwenye mchujo. "Nitakuwa mbele yako," alisema. "Ukichoka, lala chali, pumzika. Usiogope. Ukiogopa ndiyo utakufa."

Malale hakuogopa. Hilo alilisema baadaye kwa polisi, kwa padri na kwa mama mtu, na kwa wote lilikuwa gumu kulielewa. Angeogopa, angepiga kelele. Angehangaika. Deo angejua.

Walifika katikati. Buti zilikuwa zimejaa maji na miguu ya Malale ikaanza kuzama taratibu. Alijaribu kulala chali, begi likamgeuza. Alimeza maji mara moja, mara mbili. Mbele yake, karibu kabisa, uliogelea mgongo wa Deo, na kwenye begi lake ulikuwa umening'inia mkanda, unaburuzika juu ya maji, unamfuata.

Mkono wake ulikwenda wenyewe. Aliushika mkanda. Na papo hapo mwili wote ukatulia, kama ulivyotulia tangu utotoni. Alifumba mdomo. Alifumba macho. Aligeuza uso juu mbinguni, akauachia mwili.

Alisikia Deo akisema, "Achia!" Alisikia mara moja. Au alisikia kitu kilichofanana na hicho, kwa sababu maji yalikuwa masikioni. Dume pia hulalamika katikati ya mto. Baada ya hapo alisikia pumzi, nzito, za haraka, kisha chache, kisha maji tu. Lakini walikuwa wanakwenda. Alijua wanakwenda, maana maji yalikuwa yanapita kwenye mashavu yake. Deogratias, mfupi, wa kawaida tu nchi kavu, alimvuta mtu mrefu mwenye buti na begi kutoka katikati ya bwawa, mkanda ukimrudisha kichwa nyuma na chini, nyuma na chini, na hakusimama.

Miguu ya Malale iligusa tope. Aliachia hapo hapo, akakimbilia pembeni.

Alipita kwenye matete, akapanda ukingo kwa mikono na magoti, akajitupa kwenye nyasi akicheka. "Tumevuka!" alisema. "Deo, tumevuka! Mungu wangu, Msukuma amevuka bahari!" Alilala pale akitazama mawingu, kifua kinapanda na kushuka. Alivua buti moja, akamwaga maji. Akavua ya pili. Alisubiri kutukanwa. Deo asingekubali, angesema umeshika mkanda, hujaogelea, turudi tuanze upya.

Hakutukanwa. Ndipo alipogeuka.

Begi la Deo lilikuwa linaelea pale pale alipoliachia, kwenye maji ambayo yeye, kwa urefu wake, yalimfika kifuani. Alidhani ni mzaha. Deo alipenda mizaha. Alikaa akitabasamu, akisubiri kichwa kichomoze. Kisha tabasamu likamtoka, akarudi majini na miguu mitupu.

*

Mazishi yalikuwa Ilembo. Watu wa mjini walikuja, wakulima walikuja, jeshi lilileta watu wake na bendera. Daktari aliandika maji, polisi waliandika ajali. Baba yake Malale alileta dume la kuchinja, akakaa mwisho kabisa wa turubai, kofia mapajani, kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

Wazee wa ukoo walimwita Malale mbele ya Getrude aeleze. Alieleza yote. Hakuficha kitu, na wala hakujua namna ya kuficha. Alieleza mkanda, alieleza macho aliyoyafumba, alieleza Madoa. Mzee mmoja alisema, "Mtu anayezama hushika chochote, hilo linajulikana."

"Sikuwa nazama, mzee," Malale alisema. "Nilikuwa nimetulia."

Getrude alikuwa amekaa chini, kanga amejifunga kichwani, miguu ameinyoosha. Aliuliza swali moja.

"Ulipofika, ulimwachia?"

"Nilimwachia, mama."

"Hukutazama nyuma?"

"Nilijua atapanda."

Getrude alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikiliza lugha anayoijua nusu. Wanawake wakaanza kuimba na ibada ikaendelea.

Malale alikuwa tayari kuuacha mchujo. Baba yake alimwambia arudi nyumbani, maji yameshaonyesha kwamba hayamtaki. Lakini asubuhi ya kuondoka alipita Ilembo kuaga, na Getrude, aliyekuwa akipepeta karanga, alisema bila kuinua uso, "Utakwenda huko mlikokuwa mnakwenda?"

"Sijui, mama."

"Nenda. Alikuwa amekwishakufundisha kuogelea. Isiwe bure."

Basi akaenda, na sasa hakwenda kwa ajili yake mwenyewe. Alikuwa amebeba ndoto ya marehemu kama mtu anavyobeba maji kwenye viganja, akiogopa hata kupepesa macho. Akifaulu, kifo cha Deo kingekuwa na mahali pa kuegemea. Akishindwa, kingebaki kimelala pale kwenye matete, mkanda unaelea.

Kambi ilikuwa mbali na kwao, na jina lake Malale hajawahi kulitaja. Walianza wengi. Kulikuwa na milima, akaipanda. Kulikuwa na njaa, aliijua. Walitupwa porini mmoja mmoja, bila chakula, na wengi walirudi wakilia au hawakurudi mpaka walipotafutwa. Yeye alirudi ametulia, mfukoni ana matunda pori ya kuwapa wengine. Walibebeshwa magogo, watu kadhaa kwa gogo moja, na bega lake ndilo lililokuwa juu kwa sababu ya urefu, likachubuka mpaka nyama. Kila siku watu walipungua. Hapakuwa na kengele. Mtu aliyeshindwa alichukua blanketi lake na kwenda kukaa kwenye lori, na asubuhi lori liliondoka.

Sajini aliyewachuja alikuwa mtu wa maneno machache. Siku moja alimpita Malale akinywa uji na kusema, "Wewe umetoka wapi?"

"Katavi, afande."

"Kule si kuna viboko na simba tu?"

"Na ng'ombe, afande."

Sajini alikaribia kutabasamu. Wenzake wakamwambia Malale kwamba ameshapita, kilichobaki ni maji tu.

Siku ya maji walipangwa mstari kwenye ukingo wa ziwa dogo. Amri ilikuwa rahisi. Vuka na mzigo wako. Ukigusa nchi kavu, usisimame, usigeuke, kimbia mpaka kwenye bendera juu ya kilima. Kila mtu na pumzi zake. Boti za waokoaji zipo. Adui yuko nyuma yako.

Malale aliingia. Macho aliyafumbua. Alipiga miguu kama alivyofundishwa, akapumua pembeni, hakuunyanyua uso. Alipochoka alilala chali na begi halikumgeuza, kwa sababu safari hii alijua namna ya kulibana. Kila kitu Deo alichomwambia kilikuwepo, kimekaa kwenye misuli yake kama mtu aliyehamia. Alikuwa wa tatu kugusa tope.

Alitoka majini, akapiga hatua mbili kuelekea kwenye kilima. Kisha akasimama, akageuka.

Nyuma yake vilikuwa vinakuja vichwa. Vingine karibu, vingine mbali, vinazama na kuibuka. Malale alisimama akivitazama. Mmoja alifika, akapanda, akampita akikimbia. Wa pili akafika. "Kimbia!" sauti ya sajini ilitoka kilimani. "Wewe mrefu, kimbia!"

Alisikia. Alijua maana ya amri ile na alijua nini kitampata. Aliiambia miguu yake iende, na miguu ikamwambia bado. Kulikuwa na kichwa kimoja mbali kabisa, kinakwenda polepole, na mpaka kile kifike hakuna amri ya duniani ambayo ingemgeuza. Aliingia majini mpaka magotini, akanyoosha mkono. Aliyekuwa anakuja alikuwa kijana mwenye nguvu, hakuhitaji msaada, na aliusukuma mkono ule kwa hasira. "Utanichelewesha, toka!"

Akapita. Akawa wa mwisho kutoka majini. Boti zikazima injini. Malale akatazama maji yote, kutoka upande huu mpaka ule, yakiwa matupu, yametulia. Ndipo akapanda kilima akitembea, na bendera ilikuwa imeshashushwa.

Sajini alimngoja. Hakumtukana, na Malale angependa atukanwe.

"Uliumia?"

"Hapana, afande."

"Ulichoka?"

"Hapana, afande."

"Sasa nini?"

Malale alijaribu. Mdomo ulifunguka lakini jibu lilikuwa refu sana, lilianzia Usukumani, kwenye mto ambao sajini hajawahi kuuona. "Nilitaka wote watoke, afande," alisema.

"Ningekuwa naugua," sajini alisema, "ningetaka uwe nesi wangu. Lakini siwezi kukutuma mahali ambapo utatakiwa kumwacha mtu." Akamwonyesha lori kwa kidevu.

*

Alirudi kwenye kikosi chake, akamaliza mkataba, hakuomba mwingine. Wakubwa zake walimsihi, lakini alikuwa hajui tena ni kitu gani anakitetea.

Kabla ya kwenda Mamba alishuka Mpanda na kutembea kwa miguu mpaka Ilembo. Getrude alikuwa jikoni nyuma ya nyumba. Alikuwa amekonda. Kile kiti kilichovunjika kilikuwa bado kipo, kimeegemezwa ukutani, kinamngoja mtu ambaye angekitengeneza.

"Karibu, mwanangu. Umerudi?"

"Nimerudi, mama. Mchujo ule... nilishindwa. Nilichelewa kuja kukwambia. Niliona aibu."

Getrude aliendelea kusonga ugali. "Maji?"

"Maji nilivuka, mama. Nilikuwa wa tatu. Nilivuka kama alivyonionyesha."

"Sasa ulishindwa wapi?"

"Ng'ambo. Walisema tukimbie, tusigeuke. Mimi nikasimama ukingoni."

Mwiko ulitulia ndani ya sufuria. Mvuke ulipanda kati yao, na kwa kitambo hawakuonana sura. Getrude aliepua, akaigeuza sufuria juu ya sahani, akaupapasa ugali pembeni kwa mwiko uliolowa mpaka ukawa laini pande zote. Alifanya hivyo kwa uangalifu, kama mtu anayemvisha mtoto.

"Ungesimama siku ile," alisema.

Hakusema kwa ukali. Ukali ungekuwa afadhali. Alisema kama mtu anavyosema ungekuja jana, mboga zilikuwa nyingi.

"Ndiyo, mama," Malale alisema.

Getrude alileta bakuli na birika, akamnawisha mikono, maji yakipita katikati ya vidole vyake na kuanguka. Akakaa mkabala naye, sahani ikiwa katikati. Alisukuma kipande kikubwa cha mgebuka upande wa mgeni.

"Kula," alisema. "Umetoka mbali."

Akala. Naye Getrude hakuondoka mbele yake mpaka alipomaliza.